Maji, mzoga, neno au jiwe: ulimwengu wako wa kubuni uchote nguvu wapi?

Nyumba ya Dar es Salaam hupata maji kwa njia nne: bomba, kisima, boza au mvua ya paa. Maji ni maji, lakini maisha ya nyumba hizo hayafanani. Mwenye bomba anaishi kwa ratiba ya mgawo na anaamka saa tisa usiku kukinga. Mwenye kisima hakosi maji, ila ni ya chumvi na sabuni haitoi povu. Wa boza anamtegemea dereva na bei ya siku hiyo. Wa mvua ana simtanki kubwa na macho yake yako mbinguni kuanzia Oktoba. Ukiingia nyumba ngeni ukatazama tu ndoo zilivyopangwa, utajua wanachota wapi.

Chanzo cha nguvu katika visasili (hadithi za asili ya vitu) vya ulimwengu wa kubuni kinafanya kazi hiyo hiyo. Tunazungumzia kile kilichokuwepo kabla ya miungu, kabla ya wafalme na kabla ya mganga wa kwanza. Waandishi wengi hutunga kisasili kizuri (giza, sauti, mwanga ukapasuka), wakakiweka ukurasa wa kwanza, kisha wakakisahau. Kufika sehemu ya 12 kila mhusika anarusha moto kwa namna yake, na wasomaji wa kundi la WhatsApp wameshaanza kuuliza kwa nini shujaa hakufanya hivyo sehemu ya 3, mdogo wake alipokuwa anazama. Kisasili hakikuwa kibaya. Hakikuwekewa koki.

Kwa hiyo vyanzo vinne tunavyolinganisha hapa tutavipima kwa maswali matatu. Nguvu inafikaje mkononi mwa mtu? Nani ameshika koki? Ikikauka, nani atakuwa wa kwanza kujua? Swali la tatu ndilo linalowashinda wengi, na ndilo lenye hadithi.

Kabla ya kuchagua: jina na ngeli yake

Msomaji wa Mbagala au Sinza hasomi neno "uchawi" kama neno la kubuni. Mchawi kwake ni jirani anayedhuru usiku. Anayetibu ni mganga, na anayetoa njiwa kwenye kofia mbele ya wanafunzi ni mtu wa mazingaombwe. Nchi ina Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, na inatumika. Shujaa wako akisema "mimi ni mchawi", hukumu imeshatoka kabla hujafika nukta. Kama unataka ahukumiwe, sawa. Kama hutaki, nguvu ipe jina jingine: sihiri kama ina harufu ya Uarabuni na vitabu, mizungu kama ni ufundi wa siri unaofundishwa, au neno la kwako kabisa.

Neno la kwako lichagulie ngeli kwa makusudi. Jina lililo kwenye ngeli ya YA-YA, pamoja na maji, mate na mafuta, msomaji atalisikia kuwa ni la majimaji kabla hujalieleza. La ngeli ya U, kama uhai na utu, litasikika kama kitu kisichoshikika. Halafu kuna hila moja ambayo Kiswahili kinakupa bure. Andika sehemu 20 nzima "bahari imekasirika, bahari imetulia". Sehemu ya 21 mwache bibi mmoja wa soko la samaki la Feri aseme, bila kukaza sauti, "bahari amekasirika". Umebadilisha kiambishi kimoja tu, na kila msomaji amejua kwamba chanzo ni mtu. Huhitaji aya ya maelezo. Ukitaka kuitumia hila hii, kagua sehemu zote zilizotangulia, kwa sababu upatanisho uliokosewa mapema kwa bahati mbaya huimaliza.

Maji

Kwenye visasili vya dunia, maji ni miongoni mwa vyanzo vya kale kabisa. Wamisri walianza na Nun, maji yasiyo na ufuko. Babeli walikuwa na wawili, Apsu wa maji baridi na Tiamat wa maji chumvi, waliokuwa wamechanganyika kabla mbingu na nchi hazijapewa majina. India, miungu na majitu waliikoroga bahari ya maziwa kwa mlima Mandara, nyoka Vasuki akiwa ndiyo kamba ya kuuzungusha. Kabla kinywaji cha uzima hakijatoka, ilitoka sumu. Shiva akainywa, ikamkaa kooni, ndiyo maana huchorwa na koo la buluu. Mpangilio huo wa sumu kwanza na tunu baadaye unafaa kuigwa, kwa sababu gharama inazaliwa na chanzo chenyewe na hulazimiki kutunga sheria ya ziada.

Faida ya maji kwa mwandishi wa Pwani ni kwamba ratiba imeshaandikwa. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi mwandamo, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Wakati huo tofauti kati ya kujaa na kupwa, hapa Dar, huzidi mita 3. Wiki moja baadaye ni maji mafu, na tofauti inashuka hadi karibu mita 1. Funga nguvu kwenye kimo hicho na umepata kalenda. Siku za bamvua wenye nguvu wanatisha. Siku za maji mafu hata mtoto mwenye fimbo anaweza kuwakamata, na maadui wenye akili watapanga vita yao hapo.

Ila ukishaifunga kwenye maji ya kweli, msomaji wa Kigamboni atakukagua. Kosa la kawaida ni lile la mwezi mpevu, saa sita usiku, na bahari imejaa pomoni. Pwani yetu haiko hivyo. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Ndiyo maana wanaookota chaza na kombe huonekana mwambani asubuhi jua likiwa limeshapanda. Saa sita usiku ya mwezi mpevu maji bado yanapanda, yako njiani. Ukihitaji tukio la kilele cha nguvu gizani, liweke saa kumi alfajiri kabla ya adhana. Na kusema kweli ni saa nzuri zaidi kwa jambo la kutisha.

Tatizo la maji ni wingi. Bahari iko wazi, kila mtu anaweza kuzamisha mguu, koki iko wapi? Njia ya uhakika ni umbali. Sema maji ya chanzo hupoteza nusu ya nguvu kila siku yakishatengana na bahari. Mtu anachota dumu la lita 20 Feri na kutembea hadi Morogoro, kama kilomita 190 na kitu, kwa siku sita. Akifika, dumu bado lina uzito wa kilo 20 begani lakini nguvu iliyobaki ni ya lita 0.3, yaani kikombe cha chai. Hesabu hiyo moja imekuzalia biashara ya wabebaji wa mbio, bei inayopanda kwa kila kituo, walaghai wanaojaza madumu kwa maji ya mferejini, na watu wa bara wenye kinyongo cha haki na watu wa Pwani. Nusu kwa siku inatosha. Ukiweka nusu kwa wiki, kila mji utakuwa na akiba na mvutano wote umekufa.

Na kuna Maji Maji. Vita ya mwaka 1905 hadi 1907 ilianza na dawa ya maji ya Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, iliyoaminiwa kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji, na iliyokuja na miiko yake. Kwa mtunzi, funzo la kiufundi liko kwenye miiko. Dawa yenye miiko haikanushiki na wanaoiamini, kwa sababu ikishindwa, pana aliyevunja mwiko. Chanzo cha namna hiyo kinaweza kuwa cha uongo tangu mwanzo na ulimwengu wako usijue kwa vizazi vitatu. Lakini chukua utaratibu huo na uache majina. Kumfanya Kinjeketile mwenyewe mhusika ambaye dawa yake inafanya kazi kweli ni kuandika juu ya makaburi ambayo wajukuu bado wanayajua.

Mzoga wa aliyetangulia

Hapa ulimwengu wenyewe ni mwili. Watu wa Skandinavia waliamini jitu Ymir aliuawa, damu yake ikawa bahari, mifupa ikawa milima, fuvu likawa anga. Wachina wana Pangu, ambaye pumzi yake ni upepo na macho yake ni jua na mwezi. Tiamat naye, baada ya kushindwa, alipasuliwa vipande viwili.

Chanzo hiki ni cha wachoraji. Kwa anayetengeneza katuni hakuna kinachokikaribia, maana kila ramani ni mwili na kila picha pana ina siri ndani yake. Chukua Dar: vilima vya Pugu viwe ubavu, mlango wa bandari uwe koo, na Mto Msimbazi, unaotokea huko huko vilimani na kumwagikia baharini pale Salenda, uwe mshipa. Jangwani ikifurika, wahandisi wanaona mvua na wenye nguvu wanaona moyo umepiga mara moja baada ya miaka 1,000. Ukihitaji kidonda kilicho wazi, Ol Doinyo Lengai iko pale kaskazini. Lava yake ni ya chumvichumvi za kaboneti, ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya lava za volkano nyingi. Mchana inatiririka nyeusi kama oili chafu ya gari, kisha unyevu wa hewa unaigeuza nyeupe. Damu nyeusi inayoganda nyeupe haihitaji kuongezewa chumvi.

Kabla ya kuandika amua mzoga uko hatua gani: bado una joto, unaoza, au umebaki mifupa. Ukiwa na joto, nguvu ni nyingi na kuna hofu ya kuamka. Ukioza, nguvu inatoka lakini inaugua, na wanaoitumia wanaugua nayo. Ukiwa mifupa, nguvu ni ya kuchimba, na hapo umeshahamia kwenye jiwe bila kujua. Kosa kubwa la chanzo hiki ni kuchanganya hatua: sura ya 2 inanuka uozo, sura ya 9 moyo unadunda.

Kila mwili unahitaji pia mahali pamoja pa kuupata. Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za Waswahili, hakuuawa na silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni, na aliyejua hilo alikuwa wa damu yake. Siri hiyo iweke kwa mtu wa karibu.

Jambo moja si la mtindo. Usiiweke nguvu kwenye viungo vya binadamu, wala kwenye mwili wa aina fulani ya watu. Nchi hii watu wenye ualbino wameuawa kwa imani ya namna hiyo hiyo, na vikongwe wenye macho mekundu wamekatwa mapanga. Hadithi inayosema "kwenye ulimwengu huu ni kweli" inamfikia msomaji ambaye tayari ameambiwa ni kweli. Mwili wa chanzo uwe mkubwa kuliko milima, usifanane na mtu yeyote.

Neno

Ptah, mungu wa Memfisi huko Misri, aliumba kwa moyo na ulimi: aliwaza, akasema, ikawa. Mungu mke Isis alichukua mate ya Ra, mungu wa jua, akayakanda na udongo akafanya nyoka, nyoka akamuuma Ra, na sumu haikutoka mpaka mzee alipotoa jina lake la siri. Wayoruba wana àṣẹ, nguvu inayolifanya neno litende. Kwetu, wala hatuhitaji miungu: laana ya mzazi, radhi, kiapo, na kombe la aya zinazoandikwa, zikaoshwa na kunywewa, vinamfanya msomaji aamini uzito wa neno kabla hujamshawishi.

Neno ndilo chanzo ambacho mwandishi wa Kiswahili ana mtaji nacho kuliko mwingine yeyote, na wengi wanauacha mtaji huo na kutunga maneno yenye herufi za x na q. Tazama vitenzi vya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, fukia na fukua, anika na anua, roga na rogoa. Sheria yako iwe hii: kila kitendo chenye kinyume cha namna hiyo kinaweza kutenduliwa kwa neno, na kisichokuwa nacho hakirudi. Kuvunja hakuna kinyume chake, mtu ataunga tu na kovu litabaki. Kula hakuna. Kuua hakuna, ingawa kufa kuna kufufua, na kwenye mwanya huo kati ya "ua" na "fa" unaweza kuandika riwaya nzima juu ya nani anarudi na nani harudi. Na mtego wa mwanafunzi ni "choma". Nyumba inaungua, kijana anapayuka "chomoa!", lakini chomoa ni kinyume cha kuchoma kwa mwiba au kisu, si kwa moto. Kitu kinachomoka kweli, labda msumari wa paa, labda mfupa wa aliye ndani, na moto unaendelea.

Gharama ya neno ipime kwa mizani, yaani idadi ya silabi. Shairi la tarbia lina mistari 4, kila mstari mizani 16, nane kwa nane. Ubeti mmoja ni mizani 64. Ukighani kwa utulivu utachukua kama sekunde 15, na sekunde 15 mbele ya mtu mwenye panga ni nyingi. Hapo tayari una mvutano: mstari mmoja ni wa haraka na dhaifu, ubeti mzima ni mzito lakini unahitaji mtu wa kukukinga. Shairi likiwa guni, yaani limekosea mizani, nguvu inamrudia msemaji.

Uzito wake utaonekana kwenye mfano. Chukua mstari huu:

*Fungua uliofunga, mlango wa maji kale.*

Kipande cha kwanza: fu-ngu-a-u-li-o-fu-nga, nane. Cha pili: m-la-ngo-wa-ma-ji-ka-le, nane. Ile "m" ya mlango ni mizani kamili, na ndiyo inayowaponza wanaohesabu kwa macho badala ya mdomo. Sasa mwanafunzi mwenye elimu ya darasani anasahihisha: anasema "maji ya kale", kwa sababu sarufi inataka "ya". Imekuwa tisa. Sentensi imenyooka, mstari umeharibika, mlango unafunguka upande usiotakiwa. Malenga asiyejua kusoma angepona na mwalimu wa lugha angekufa, na hiyo ni aina ya haki ambayo chanzo kingine hakikupi.

Ubaya wake upo. Kila mtu ana mdomo, kwa hiyo lazima uzuie: ama kwa jina la siri kama la Ra, ama kwa radhi, kwamba mstari haufanyi kazi mpaka uliyepokea kwake akuruhusu. Radhi ni bora, kwa sababu inaweza kuondolewa katikati ya hadithi. Ubaya wa pili ni wako wewe mwandishi: ukisema mizani 16, wasomaji watahesabu, na kuna wazee wa Tanga kwenye hayo makundi. Kama huwezi kutunga, usichague neno.

Jiwe

Jiwe linaeleweka upesi, linahesabika na linauzwa. Mfano uko Mererani. Tanzanaiti ilijulikana mwaka 1967, haichimbwi mahali pengine popote duniani, na mwaka 2018 eneo lilizungushiwa ukuta wa kilomita 24 na ushei. Mwaka 2020 mchimbaji mdogo aliuza mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.7. Karati ni gramu 0.2, kwa hiyo lile kubwa peke yake ni karati 46,350. Na mengi hutoka ardhini na rangi ya kahawia. Buluu ile ya dukani huletwa na joto la nyuzi 500 hadi 600. Ukuta, lango, mkaguzi, mganga njaa mwenye tanuru bandia: hadithi ya jiwe imejaa watu wa kutosha bila hata tone la nguvu.

Kwa mchezo wa mezani chagua hiki bila kujiuliza mara mbili, maana wachezaji wanataka kitu cha kuhesabu. Mpe kila mmoja karati 10 mwanzoni. Tendo dogo litumie karati 1, la kati 3, kubwa 7. Jiwe lililotumika zaidi ya mara moja bila kupoa hupasuka. Kwa riwaya, angalia sana: baada ya sura kumi utajikuta unaandika daftari la duka. Dalili ni pale mhusika anapotaja idadi ya mawe aliyobaki nayo zaidi ya mara moja kwa sura.

Wasiokuwa vyanzo

Jini mara nyingi huwekwa hapa, lakini jini ni dalali. Anakuunganisha na bidhaa, anachukua chake, na hata dalali wa Kariakoo hakushoni nguo anayokuuzia. Mizimu vivyo hivyo. Watumie, ila uliza wao wanachota wapi. Upepo unaweza kufaa, maana kaskazi na kusi zina misimu yake na zilibeba majahazi karne nyingi, lakini msimu wa miezi ni mrefu mno kwa hadithi ya siku tatu. Mwanga na giza viache, vimechoka.

Tukio moja, vyanzo vinne

Injini ya pantoni imezima katikati ya Kivukoni na Kigamboni, watu wamejaa, mkondo unaisukuma nje ya mlango wa bandari, na binti mmoja ana nguvu.

Kwa maji, swali la kwanza ni saa ngapi. Maji yakiwa yamejaa au yamekupwa kabisa, mkondo umelegea na kazi ni nyepesi, ila nguvu za kupwa ni haba. Katikati ya kupwa mkondo ndio mkali, na nguvu zinapungua kila dakika anayosita. Akichelewa, bahari inaondoka na nguvu zake na pantoni pamoja.

Kwa mzoga, pantoni iko kooni. Akigusa vibaya, koo linameza. Wokovu na janga ni tendo moja kwa vipimo tofauti, na mchoraji amepata kurasa mbili zinazotazamana.

Kwa neno, kuna kelele. Watoto wanalia, mtu anapiga takbira, mwingine anaimba pambio, na binti anahitaji sekunde 15 bila kukatizwa. Tatizo limekuwa umati. Inabidi kwanza awanyamazishe watu mamia, na hana nguvu ya kufanya hivyo.

Kwa jiwe, ana karati 4 na tendo linataka 7. Nani kati ya abiria ana jiwe na hasemi? Kile kikuku cha mama wa daraja la juu?

Soma tena hayo manne, utajua tayari ni lipi lilikufanya utake kuandika.

Basi lipi

Anayerusha simulizi kwa vipande kwenye simu hawezi kurudi kusahihisha sehemu ya kwanza, kwa hiyo anahitaji chanzo ambacho kanuni zake ziko nje ya kichwa chake: maji, yenye jedwali, au neno, lenye sarufi. Mzoga ni wa katuni. Jiwe ni la mezani. Riwaya ndefu inabeba chochote ila jiwe peke yake.

Kuchanganya kunaruhusiwa kwa masharti: kimoja ni chanzo, kingine ni koki. Maji yawe nguvu na neno liwe linaloyafungulia, au mzoga uwe nguvu na jiwe liwe kipande chake kilichochimbwa. Vyanzo viwili vyenye cheo kimoja humfanya msomaji asubiri kimwokoe kile kingine pale kimoja kinapokauka, na hofu inaisha.

Kabla ya kurusha sehemu ya kwanza, andika ukurasa mmoja ambao hutauchapisha: siku chanzo kinakauka. Oktoba 2022 Mto Ruvu uliposhuka, Dar iliingia kwenye mgawo, na waliojua mapema hawakuwa viongozi. Walikuwa wenye mikokoteni ya madumu, mama ntilie na wenye saluni. Ukurasa wako ukianza kwenye kasri la mfalme, futa. Anza kwa yule anayeishi kwa kukinga.

Ukiwa bado unasita kati ya maji na neno, anza na maji. Neno unaweza kuliingiza sehemu ya 10 kama koki iliyosahaulika na msomaji atafurahi kuigundua. Maji hayaingizwi katikati: ukishaandika sehemu tisa bila kutaja kujaa na kupwa, ya kumi itabidi ueleze wote hao walikuwa wanaangalia wapi.